Kutoka ghala la jeshi hadi gereji yako: mwongozo kamili wa kununua, kufufua na kutunza magari ya zamani ya kijeshi

Gari la jeshi lilisanifiwa ili litengenezwe matopeni, usiku, na kijana aliyepewa mafunzo ya wiki chache na sanduku la spana. Ndiyo maana linamfaa anayejifunza ufundi: bolti zake zinafikika, mabomba yake yanaonekana, na kila kazi imeandikwa kwenye kitabu chake. Lakini waliolisanifu walijua pia kwamba nyuma ya kijana huyo kuna karakana, winchi, ghala la vipuri na askari kumi wa kusukuma. Wewe huna hao. Karibu kila kosa la mwanzoni katika shughuli hii linatokana na kusahau hilo.

Anza na mlango wa gereji

Kabla hujatazama tangazo hata moja, chukua futi ya kupimia. Pima urefu, upana na kimo cha mahali gari litakapolala, kisha uongeze nafasi ya kutembea pande zote nne na ya kuweka vitu utakavyofungua. Gari lililofunguliwa hula nafasi karibu mara mbili ya lililofungwa. Miradi mingi hufa hapa, bodi ikiwa nje chini ya turubai na chesisi ikiwa ndani.

Halafu fikiria uzito. Willys MB, Jeep ya Kimarekani ya Vita vya Pili vya Dunia, ina kama kilo 1,100 na watu wawili wanaweza kuisukuma sakafuni. Lori la Kimarekani la M35 lina kama tani 6 likiwa tupu, na tairi lake moja likiwa na rimu linaweza kuzidi uzito wa mtu mzima. Ferret, gari dogo la deraya la Uingereza lililoundwa na Daimler kuanzia 1952 hadi 1971, linadanganya macho: ni fupi, lakini linakaribia tani 4, na jeki ya kawaida hailiwezi.

Kwa anayeanza, ningependekeza gari jepesi la magurudumu manne lililoundwa kwa wingi. Willys MB na pacha wake Ford GPW (Jeep hiyohiyo, iliyoundwa na Ford) ziliundwa zaidi ya 600,000 kati ya 1941 na 1945, na hadi leo vipuri vipya vinatengenezwa, bodi nzima ikiwemo. Land Rover za kijeshi, GAZ-69, UAZ-469 na Pinzgauer nazo zina mafundi wengi wanaozijua. Ukitaka lori, GMC CCKW ya magurudumu sita iliundwa zaidi ya 500,000, na Unimog 404 ya petroli, iliyodumu kiwandani tangu miaka ya 1950 hadi 1980, ni mashine ya ajabu porini ingawa barabarani huenda polepole na kwa kelele. Vifaru na magari ya minyororo yaache mpaka uwe na marafiki wenye kreni.

Gari moja la kujihadhari nalo ni M151, gari jepesi la jeshi la Marekani lililoifuata Jeep. Mfumo wake wa spring za nyuma, wa kila gurudumu kujitegemea, uliifanya ipinduke kwa urahisi kwenye kona. Jeshi lenyewe liliona haifai barabara za raia, na nyingi zilikatwa vipande kabla ya kuuzwa. Ukiikuta nzima, chunguza chesisi utafute mshono wa kulehemu katikati, maana wapo waliounganisha vipande hivyo.

Karatasi kabla ya mnada

Majeshi huuza kwa mnada, moja kwa moja au kupitia shirika la kuuza mali ya serikali. Ujerumani, kwa mfano, hutumia VEBEG. Marekani gari hutoka na fomu ya SF-97, ambayo mnunuzi huipeleka kwenye mamlaka ya usajili ili apate hati ya umiliki. Kila nchi ina utaratibu wake, kwa hiyo nenda kwa mamlaka inayosajili magari mahali unapoishi kabla hujatoa bei, si baada. Uliza kama gari la aina hiyo linasajilika, kama leseni yako inakuruhusu kuendesha uzito huo, na kama deraya au kishikio cha bunduki kinahitaji kibali. Bunduki yenyewe, hata iliyozibwa isifyatue, ina sheria zake kali, na kuingiza gari la kivita kutoka nchi nyingine huenda kukahitaji vibali vya pande zote mbili.

Gari lisilo na karatasi ni rahisi kununua na ghali kumiliki. Likatae, hata kama muuzaji anaapa kwamba hati "zinafuata".

Ukaguzi: lala chini, usisimame ukitazama

Rangi ya kijeshi huficha mengi. Wengi wanaouza wamepiga rangi mpya ya kijani juu ya kila kitu: kutu, uchafu, waya, hata vibati vya nambari. Kwa hiyo nenda na tochi, nyundo ndogo, sumaku, kioo kidogo na nguo za kulalia chini.

Anza na chesisi. Igonge kwa nyundo kila baada ya shubiri moja: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya ubao. Tazama hasa pale spring zinaposhikia na sehemu za mwisho za nyuma ambako matope hukaa. Land Rover inachanganya wengi, kwa kuwa bodi yake ni ya aluminiamu na haioti kutu nyekundu, ilhali chesisi na ukuta wa mbele wa miguuni ni vya chuma na huoza kimyakimya. Pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu hugeuka unga mweupe. Sumaku itakuambia palipojazwa gundi badala ya bati.

Kisha utambulisho. Ford ilipiga herufi F kwenye vipuri vyake vingi vya GPW, hata kwenye vichwa vya bolti. Boriti ya mbele ya chesisi ya Willys ni bomba la mviringo. Ya Ford ina umbo la U iliyopinduliwa. Na tahadhari: Hotchkiss M201, iliyoundwa Ufaransa baada ya vita kwa leseni, inafanana mno na Jeep ya vita, na nyingi zina umeme wa volti 24 wakati ya vita ilikuwa ya volti 6. M201 ni gari zuri, ila haifai kuuzwa kwa jina la mwenzake.

Usifadhaike nambari ya injini isipofanana na iliyo kwenye kibati. Karakana za jeshi zilibadilisha injini kama tunavyobadilisha betri, na mara nyingi kuna kibati cha pili kinachoonyesha mahali na tarehe gari lilipofanyiwa matengenezo makubwa. Kibati hicho ni sehemu ya historia yake. Vilevile usishangilie kilomita chache kwenye dashibodi, kwani gari la mawasiliano linaweza kuwa limesimama na injini ikinguruma maelfu ya saa ili kuchaji redio.

Injini ikiwa haizunguki, usimruhusu muuzaji aivute kwa gari lingine "ili ishike". Chomoa kijiti cha oili: oili ya rangi ya maziwa ina maji ndani yake. Fungua mfuniko wa radieta na utafute mafuta yanayoelea. Gari la ekseli za portali (zenye gia ndani ya kila kitovu ili kuliinua gari juu zaidi), kama Unimog, lina oili kwenye kila kitovu cha gurudumu, na sili zilizochoka huacha alama ya mafuta ndani ya rimu. Injini iliyokufa hurekebishika. Vipuri vinavyokosekana ndivyo vinavyokula miaka. Andika kila kilichopungua, hadi kishikio cha sepetu.

Siku ya kulileta

Usiliendeshe kurudi nyumbani, hata likiwaka vizuri. Matairi yanaweza kuwa na miaka 30, na breki hujui hali yake. Likodie tela linalobeba uzito wake halisi, ulifunge kwa minyororo kwenye ekseli au ndoano zake za kuvutia, na ubebe sanduku la vitu vilivyolegea.

Kabla ya spana ya kwanza

Lipekue gari zima kwa tochi: chini ya viti, ndani ya masanduku, kwenye tangi. Risasi zilizosahaulika si hadithi. Mwaka 2017 nchini Uingereza, waliokuwa wakishughulikia kifaru kilichowahi kuwa Iraq walikuta risasi, wakaamua kupiga picha za video walipolifungua tangi la mafuta ili wawe na ushahidi, na ndani yake wakatoa vipande vya dhahabu. Wewe usitegemee dhahabu. Ukiona kitu kinachofanana na risasi, guruneti au kombora, usikiguse, toka, ita polisi.

Hatari nyingine hazina sauti. Rangi za zamani zina madini ya risasi, na za kuzuia kutu zina kromati. Ukizipiga msasa zikiwa kavu unavuta sumu. Rangi za kisasa za kijeshi zinazostahimili kemikali zinahitaji barakoa yenye kichujio kamili, si kitambaa. Lining za breki, sahani ya klachi na gasketi za zamani huwa na asbesto: zilowanishe, usizipulize kwa kompresa. Na mishale ya geji au dira inayong'aa gizani kwenye magari ya zama za Vita vya Pili inaweza kuwa imepakwa radiamu. Mng'ao unaweza kuwa umekufa lakini mionzi ipo, kwa hiyo usifungue kioo chake wala kukikwangua.

Sasa piga picha. Mamia. Kila waya, kila kipini, kila tabaka la rangi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ni maarifa ya jinsi vitu vilivyokaa. Kila kundi la bolti liingie kwenye mfuko wake wenye karatasi ya maelezo.

Tafuta pia vitabu vyake. Jeep ya vita ina TM 9-803 ya 1944. Kwa magari ya Kimarekani ya baadaye, mwisho wa nambari ndio unaokuambia kitabu ni cha nani: -10 ni cha dereva, -20 ni cha karakana ya kikosi, -34 ni cha matengenezo makubwa, na herufi P inamaanisha orodha ya vipuri. Vipuri vya nchi za NATO vina nambari ya tarakimu 13. Nne za kwanza zinataja kundi (2530, kwa mfano, ni breki, usukani, ekseli na magurudumu), mbili zinazofuata zinataja nchi iliyokisajili: 99 Uingereza, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 00 na 01 Marekani. Ukitafuta kwa nambari hiyo badala ya jina la gari, mara nyingi utakuta kipuri kilekile kwenye trekta au lori la kiraia, mahali ambapo hakiitwi "cha kijeshi" na hakiuzwi kwa bei ya wapenzi wa jeshi.

Kufufua au kuacha?

Swali hili lina thamani kuliko kazi yoyote ya spana. Gari likiwa na rangi yake ya jeshi, alama za kikosi na michubuko ya kazi, ukilikwangua hadi chuma unapata gari jipya na unapoteza gari la zamani. Halirudi. Gari kama hilo lisafishe, zuia kutu isiendelee, rekebisha vinavyohusu usalama, na uache ngozi yake. Ufufuaji kamili ni kwa gari lililokwisha kuharibiwa: lililopigwa rangi mara saba, lililokatwa, lililooza.

Makumbusho hupambana na swali hilohilo. Tiger 131, kifaru cha Kijerumani kilichotekwa Tunisia Aprili 1943, kipo Bovington, Uingereza, na kinaendeshwa siku chache tu kwa mwaka, kwa sababu kila saa ya injini inakula chuma kisichopatikana tena.

Breki kwanza

Karibu kila mtu huanza na injini kwa sababu inafurahisha ikiwaka. Ndiyo njia ya kupata gari linalokwenda na halisimami. Anza na breki.

Magari mengi ya zamani yana mfumo mmoja tu wa breki, na M35A2 imo: bomba moja likipasuka, magurudumu yote yanakosa breki. Badilisha mipira yote inayopitisha maji ya breki, fungua masta silinda na silinda za magurudumu, na usitumie tena bomba la chuma lililoliwa na kutu. Jeshi la Marekani lilihamia kwenye maji ya breki ya silikoni, aina ya DOT 5, ambayo hayachanganyiki na DOT 3 au DOT 4. Kama hujui kilichomo, osha mfumo mzima, weka mipira mipya, chagua aina moja na uiandike juu ya kifuniko.

Unapofikia magurudumu, simama usome aya hii mara mbili. Rimu za kivita za Jeep na za magari mengine ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, na nati hizo zimepangwa karibu na zile zinazoshika gurudumu kwenye gari. Ukifungua za rimu tairi likiwa na upepo, vipande hupasukana kama bomu. Rimu za malori zenye pete ya kufungia zina hatari ileile. Toa upepo wote kwa kung'oa kiini cha valvu kabla spana haijagusa nati, na unapojaza, weka gurudumu ndani ya kizimba cha chuma, hosi iwe ndefu, wewe ukae pembeni. Jambo dogo juu ya hilo: nati za magurudumu ya kushoto ya Jeep zina nyuzi za kinyume. Wengi wamekata bolti wakidhani zimeganda.

Gari likiinuliwa, likae juu ya stendi imara zenye kubeba uzito wake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.

Injini, mafuta na umeme

Injini iliyoganda inahitaji muda kuliko nguvu. Toa plagi, mimina ndani ya kila silinda mafuta mepesi ya kupenya kutu, subiri siku kadhaa, ongeza, subiri tena. Kisha jaribu kuizungusha kidogo kwa mkono mbele na nyuma, ukitumia hendeli au nati ya mbele ya krenki. Usitumie stata. Kwa injini iliyokaa lakini inazunguka, badilisha oili, izungushe bila plagi hadi presha ya oili ionekane, ndipo uiwashe.

Tangi la zamani lina tope na kutu ambavyo vitarudi kwenye kabureta kila wiki, kwa hiyo litoe ulisafishe kabla ya kulaumu kabureta. Petroli yenye ethanoli huharibu mipira na diafremu za zamani. Nunua za kizazi kipya.

Umeme wa volti 24 hutoka kwenye betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Kishawishi ni kuchukua volti 12 za redio kutoka betri moja. Usifanye hivyo, betri moja itakufa njaa na nyingine itachemka. Tumia kipunguza volti. Weka pia swichi kuu ya kukata betri, kwa sababu waya zenye ngozi ya kitambaa iliyokauka ni kuni.

Kutu na chuma

Kupuliza mchanga husafisha chesisi vizuri, lakini kwenye bati jembamba joto na nguvu vitalikunja bati lisirudi. Vumbi la mchanga wenyewe huua mapafu. Zipo punje mbadala. Kwa vipuri vidogo, bafu la elektrolisisi ni la ajabu: maji yenye magadi ya kufulia, chaja ya betri, kipuri kwenye hasi na kipande cha chuma cha kawaida kwenye chanya. Usitumie chuma kisichoshika kutu kwenye chanya, kwani hutoa kromiamu yenye sumu, na fanyia kazi hii nje, maana gesi inayotoka ni haidrojeni. Asiye na haraka anaweza kuloweka kipuri wiki mbili tatu kwenye molasesi iliyochanganywa na maji mara tisa yake. Inanuka, na inafanya kazi.

Rangi na alama

Kabla ya kukwangua, chagua mahali palipofichika na upige msasa wa maji taratibu kwa duara. Tabaka zitatokea kama pete za mti, na huenda nambari ya kikosi ikaibuka. Piga picha, pima herufi, fuatisha kwa karatasi ya kupenya mwanga.

Rangi zina nambari rasmi, kwa hiyo usikubali "kijani cha jeshi" cha dukani. Ujerumani ilitumia RAL 6014 kwa miaka mingi kabla ya RAL 6031. Kijani kizito cha Land Rover za Uingereza ni BS381C namba 224. Kijani cha Marekani kina nambari za FS 595, ambapo tarakimu ya kwanza 3 inamaanisha rangi isiyong'aa. Kung'arisha gari la jeshi kama la harusi ni kosa la kawaida kuliko yote kwenye maonyesho, na halihitaji jaji kuligundua.

Kulizoea barabarani

Kila mashine ina tabia yake. Ferret, kwa mfano, huchaguliwa gia kwanza kwa mkono, ndipo pedali ikanyagwe. Usipoikanyaga hadi mwisho, inaweza kurudi na kuugonga mguu vibaya. Magurudumu yake ya upande mmoja yameunganishwa bila difu (gia inayoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti) kati ya mbele na nyuma, kwa hiyo lami hujaza mkazo kwenye shafti, na dereva mzoefu hupitisha gurudumu juu ya kokoto mara kwa mara ili kuuachia. Hata kwenye Jeep, gia ya magurudumu manne ni ya matope tu.

Safari za kwanza ziwe fupi. Simama baada ya kilomita chache, gusa kila kitovu cha gurudumu: kilicho moto kuliko wenzake kina breki inayobana au beringi inayokufa. Kaza nati zote upya.

Linapolala

Jeshi lilikuwa na kikosi cha kukagua magari kila wiki. Wewe weka ratiba ukutani. Hewa ya gereji ikibaki chini ya asilimia 50 ya unyevu, kutu hupunguza kasi sana, na mashine ya kukausha hewa ni bora kuliko turubai la plastiki linalofungia jasho. Usiwashe injini dakika tano kila Jumamosi. Maji yanabaki kwenye oili na bomba la moshi. Ama liendeshe mpaka lipate moto kamili, nusu saa au zaidi, ama uliache lilale vizuri: tangi limejaa mafuta yaliyotiwa dawa ya kuyahifadhi, betri imekatwa, matairi yamejazwa zaidi kidogo, pedali ya klachi imezuiwa chini kwa kipande cha ubao ili sahani isigande.

Panya hupenda magari haya. Ziba bomba la moshi na mdomo wa kichujio cha hewa kwa tambara lililopakwa grisi, kisha tundika kipande cha kadibodi kwenye usukani kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwamba umeziba, na tarehe.